Sura ya Sita: Bomba la Moshi na Usingizi wa Jirani

Saa tisa za usiku, ukiwa macho katika nyumba iliyo juu ya kilima nje kidogo ya Wete, kisiwani Pemba, unaweza kuifuata pikipiki moja kwa masikio tu, tangu inapotoka mjini hadi inapofika kwa mwenyewe. Ikipanda, sauti hujaa. Ikishuka bondeni penye mpunga, hufifia ukadhani imezimwa. Kisha hupanda kilima cha pili na sauti ikarudi, sasa kupitia dirisha la upande mwingine. Bundi mdogo wa Pemba, ndege asiyeishi popote duniani ila kisiwa hiki, alikuwa akiita tangu isha kutoka mikarafuuni. Kwa dakika hizo chache hasikiki. Mtoto anageuka kitandani. Mgonjwa anafumbua macho. Mzee aliyekuwa akingoja adhana ya alfajiri anajua usingizi wake umekwisha.

Anayeendesha hana habari na lolote kati ya hayo. Mdomo wa bomba uko nyuma yake, upepo unampiga masikioni, na kila anayemwamsha amekwisha kumpita. Sauti ya pikipiki hawaipati wenye pikipiki. Wanaipata walioachwa nyuma.

Nilifundishwa hilo nikiwa kijana. Nilikuwa na pikipiki ya cc 125, nikampelekea fundi aikate sailensa na kutoa bati za ndani, nikiamini itaongezeka nguvu. Siku ya tatu, asubuhi, mama mmoja wa jirani alikuwa amekaa barazani kwetu akinisubiri. Hakugomba. Alisema: “Mwanangu, mtoto wangu yuko na homa siku ya nne leo. Jana kalala saa nane. Ukapita wewe, kaamka, hakulala tena.” Nilimwomba radhi, na siku ile ile nikarudi kwa fundi. Mengi ninayoyajua leo kuhusu mabomba ya moshi nilianza kuyatafuta kwa ajili ya mama yule.

Sauti inatoka wapi

Injini nyingi za pikipiki zinazotembea Tanzania, ziwe za Boxer, TVS, Honda au Haojue, zina pistoni moja na mipigo minne. Injini ya namna hiyo hulipua mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inalipua mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila mlipuko ukimaliza kusukuma pistoni, valvu hufunguka na hewa ya moto yenye shinikizo hufyatuka kuingia katika bomba. Ngurumo tunayoisikia ni mifyatuko hiyo 50 ikifuatana.

Bila kopo la kuipoza, yaani sailensa, kila mfyatuko ungetoka kama risasi. Tatizo hilo ni la zamani kama magari yenyewe: mwaka 1897 ndugu wawili wa Columbus, Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza sauti ya injini. Tangu siku hizo hadi leo, sailensa zote zinatumia njia tatu tu, peke yake au kwa kuchanganywa.

Njia ya kwanza ni vyumba. Ndani ya kopo mnapigwa bati zinazoligawa vyumba viwili au vitatu, na vibomba vifupi vinaupitisha moshi kutoka chumba hadi chumba, mara nyingine kwa kuurudisha ulikotoka. Mawimbi ya sauti yanagonga kuta, yanarudi, yanakutana na mengine yanayokuja, na yanauana. Sailensa nyingi zinazotoka na pikipiki kiwandani ziko hivi.

Njia ya pili ni pamba. Katikati ya kopo linapita bomba lililonyooka lenye matundu mengi madogo, na kati ya bomba hilo na ukuta wa nje hushindiliwa pamba ya kioo. Sauti inaingia katika nyuzi za pamba na kuishia humo ikiwa joto dogo. Mabomba mengi ya michezo, yale yanayong’aa, yameundwa hivi.

Njia ya tatu ni kuubana mdomo. Kizibo chenye tundu dogo huwekwa mwishoni na kukazwa kwa bolti. Hupunguza sauti kweli, lakini kikibana mno, injini inakosa pumzi.

Sasa tuangalie kwa nini mnunuzi hudanganyika. Pamba ya kioo ni hodari kwa sauti kali na nyembamba, lakini ni dhaifu kwa sauti nzito. Wimbi la sauti linalopiga mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7 hewani, na pamba yenye unene wa vidole viwili hailiwezi. Wimbi hilo linahitaji vyumba, na linahitaji nafasi. Ukisimama dukani kando ya pikipiki yenye bomba la pamba, masikio yako yataridhika, maana ule mlio wa kukwaruza umeondoka. Ule mzito umebaki. Na mzito ndio unaosafiri: unapenya ukuta wa matofali, unapita dirisha lililofungwa, unavuka bonde. Jirani aliyelala ng’ambo ya mpunga hausikii mkwaruzo hata kidogo; anasikia dudududu.

Kelele si nguvu

Imani ya kwamba bomba wazi huongeza nguvu ina chembe ya ukweli, nayo ni ndogo. Injini ya mashindano inayozunguka kasi sana hunufaika na bomba linalopitisha moshi kwa wepesi, baada ya kabureta na mengineyo kurekebishwa ili yaendane nalo. Injini ya 125 au 150 ya kubebea abiria ina maisha mengine. Kiwanda kimepima urefu wa shingo ya bomba, ukubwa wa sailensa na ujazo wa mafuta ya kabureta viende pamoja. Ukitoa bati za ndani, mara nyingi unachokipoteza ni mvuto wa mizunguko ya chini, na huo ndio unaouhitaji unapopanda vilima vya Pemba na abiria nyuma na gunia la karafuu mbele.

Kuna hasara nyingine. Moshi unapotoka kwa wepesi kuliko ulivyopangiwa, mchanganyiko wa hewa na mafuta unaweza kuwa na hewa nyingi kupita kiasi. Injini inachemka, na ukiachia mafuta kwenye mteremko bomba linapiga mapopo. Wapo wanaoyafurahia mapopo hayo. Mimi naomba wayasikilize kama wanavyosikiliza kikohozi cha mtoto: ni dalili. Fungua plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya mdalasini, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeupe kama majivu, ina njaa ya mafuta na inaungua. Ikiwa nyeusi yenye masizi, inakula kupita kiasi. Ukibadilisha bomba kwa namna yoyote, la kelele au la kimya, tazama plagi kabla na baada.

Hesabu ya barabara

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki hakihesabiki kama kilo au mita. Ikiongezeka desibeli 10, sikio la binadamu huhisi kama sauti imekuwa mara mbili. Kwa upande mwingine, katika uwanja wa wazi kila umbali unapozidi mara mbili, sauti ya kitu kimoja hupungua desibeli 6.

Tuziweke namba hizi barabarani. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ili mtu alale vizuri, sauti ya ghafla chumbani isizidi desibeli 45. Kwa anayelala dirisha wazi, kama tulalavyo wengi kwa sababu ya joto, hiyo ni kama desibeli 60 nje ya ukuta wake. Sasa chukua pikipiki mbili. Ya kwanza, ikipimwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, inatoa desibeli 100. Hiyo ni pikipiki iliyotolewa bati. Ya pili inatoa 90. Sauti ya ile ya kwanza itashuka hadi 60 ikifika mita 50. Ya pili itashuka hadi hapo ikifika mita 16.

Pikipiki haisimami mahali pamoja. Inatembea, na sauti yake inafagia ukanda mzima. Toka Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30. Pikipiki ya kwanza inafagia mita 50 kila upande wa barabara, jumla kilomita 3 za mraba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000, na kisiwa chote hakifiki kilomita za mraba 1,000. Kwa wastani ni zaidi ya watu 500 katika kila kilomita ya mraba. Kwa hiyo safari moja ya usiku inawapitia watu zaidi ya 1,500 kwa sauti ya kuamsha. Ile ya pili inawapitia kama 500. Nao wastani huo umechanganya msitu wa Ngezi, mikoko na mabonde ya mpunga pasipolala mtu. Kandokando ya barabara, ambako ndiko watu wamejenga, idadi ni kubwa zaidi.

Kuna watu elfu moja wanaoweza kulala au kuamshwa kwa sababu ya desibeli 10, na desibeli 10 ni tofauti inayoweza kutengenezwa na bati chache ndani ya kopo.

Usiku wenyewe unaongeza uzito. Ardhi ikipoa baada ya jua kuzama, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepanda na kupotea hupinda kurudi chini. Ndiyo maana usiku mtulivu unasikia mambo ya mbali ambayo mchana huyasikii. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi, na walisema kweli, maana mlango ni wa nyumba yako na umeuzoea. Pikipiki ya saa tisa si mlango wa nyumba ya mtu yeyote.

Namna ya kuchagua

Anza na bomba ulilonalo. Pikipiki nyingi zinazopiga kelele hazihitaji sailensa mpya. Zinahitaji kuzibwa panapovuja. Washa injini ikiwa baridi, upitishe mkono karibu na maungio bila kugusa. Ukihisi pumzi inapiga pale shingo ya bomba inapoungana na injini, gasketi imekwisha, na gasketi ni kitu kidogo. Tazama nati za shingo, tazama tundu la kutu chini ya kopo, tikisa kopo usikie kama kuna bati lililokatika linagonga ndani.

Kama kopo limekufa, chaguo la pili ni sailensa ya asili ya pikipiki hiyo hiyo, mpya au iliyotumika lakini nzima. Haina sifa barazani, lakini imepimwa kwa injini yako na haitadai kubadilishiwa kabureta.

Ukiamua kununua la aina nyingine, mwambie fundi maneno yaliyo wazi: “Fundi, nataka liwe kimya kuliko lile la asili, na nisipoteze mvuto wa kupandia.” Kisha angalia mambo haya. Kopo liwe refu na nene, kwa sababu sauti nzito inataka nafasi. Kopo fupi kama la soda haliwezi kufanya kazi hiyo hata likiwa na jina la nani. Ndani liwe na vyumba, au vyumba pamoja na pamba. Mulika kwa tochi kwenye mdomo: ukiona moja kwa moja hadi upande wa pili, hilo ni bomba la pamba tupu. Kifuniko cha nyuma kifungwe kwa bolti au ribiti zinazotoka, ili pamba iweze kubadilishwa, maana pamba ya kioo huungua na kupeperuka kidogo kidogo, na bomba lililokuwa la upole mwaka huu litapiga kelele mwaka ujao. Kama lina kizibo cha kuondolewa, hakikisha injini inapumua vizuri kikiwa ndani, kisha kiache humo.

Tafuta pia herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba pembeni, iliyogongwa katika chuma chenyewe. Alama hiyo inasema kifaa kilipita vipimo vya kanuni za Umoja wa Mataifa. Stika si alama. Majina makubwa kama Yoshimura na Akrapovič hubandikwa hata juu ya makopo ambayo hayakutoka kwao, na stika haizuii sauti.

Wenye pikipiki za magurudumu manne, zile zinazowazungusha watalii Unguja, wana uwanja mpana zaidi wa kuchagua. Mashine za michezo kama Yamaha YFZ450R na Honda TRX450R zina pistoni moja kubwa, na mlio wake ni mzito kupita wa pikipiki ya kawaida. Huko California, sheria ya mashine za nje ya barabara zilizotengenezwa tangu 1986 inataka zisizidi desibeli 96, zikipimwa nusu mita kutoka mdomoni. Sheria hiyo iliwasukuma watengenezaji kubuni mabomba ya michezo yaliyo kimya, kwa mfano Q4 ya FMF, ambalo pia lina wavu wa kuzuia cheche. Wakati wa kununua, uliza namba ya desibeli na namna ilivyopimwa. Muuzaji anayejibu kwa namba anastahili kusikilizwa kuliko anayejibu kwa kukaza mafuta mbele yako.

Chumvi na maji

Pemba ina adui mmoja mkubwa wa mabomba: kutu. Nje kuna hewa ya bahari na mvua za masika. Ndani kuna maji yanayotoka kwenye mafuta yenyewe: kila lita ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja, yakiwa mvuke. Safari ndefu hulipasha bomba moto na mvuke wote hutoka. Safari fupi, za nyumbani hadi sokoni na kurudi, huliacha bomba vuguvugu; mvuke unageuka maji, yanakaa chini ya kopo na kuanza kulila kutoka ndani. Rangi ya nje inaweza kung’aa bado wakati bati za ndani zimekwisha kuwa unga.

Kwa hiyo usizibe kile kitundu kidogo kilicho upande wa chini wa sailensa. Kimewekwa makusudi ili maji yatoke. Osha bomba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likiwa limepoa. Mara moja kwa wiki, ipe pikipiki safari ya kuichemsha hasa, kwa mfano toka Chake Chake hadi Mkoani bila kuzima. Ukiweza kupata chuma kisichoshika kutu, kinunue hata kama bei inauma, kwa sababu kopo lililotoboka ni kopo la kelele.

Kupima bila mashine

Simu ya mkononi yenye programu ya kupima sauti haitakupa namba sahihi kabisa, lakini itakupa ulinganisho mzuri ukiitumia kwa uangalifu. Chagua uwanja wazi, usio na ukuta karibu, wakati hakuna upepo. Weka simu nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kimo sawa na mdomo, ukikaa kwa pembeni na si moja kwa moja nyuma yake. Pandisha injini hadi nusu ya mizunguko yake ya juu kabisa. Kama pikipiki haina mita ya mizunguko, tia alama kwenye mkono wa mafuta ili ukaze pale pale kila mara. Pima mara tatu, andika. Badilisha bomba, rudia kwa simu ile ile na mahali pale pale. Zikipungua desibeli 3, umefanya jambo. Zikipungua 10, umewapa watu usiku wao.

Hoja ya wanaotaka kusikika

Vijana wengi huniambia: “Kaka, nikiwa kimya nitagongwa. Bora wanisikie.” Siichukulii hoja hii kwa wepesi, maana barabara zetu zina kona, miembe na watoto. Lakini mdomo wa bomba umeelekea nyuma. Gari linalokuja mbele yako, ambalo ndilo linaweza kukuua kwenye kona, linaipata sauti yako mwisho. Vilivyoelekezwa mbele ni taa na honi. Washa taa hata mchana, piga honi fupi kabla ya kona, punguza mwendo penye skuli na penye msikiti watu wanapotoka. Mbele ya Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani hakuna usalama wowote unaoongezwa na bomba la kelele. Kuna wagonjwa tu.

Na mwendeshaji mwenyewe ana masikio. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Dereva wa bodaboda hufanya saa 4 kabla ya adhuhuri ya siku moja. Usikivu ukipotea kwa njia hii haurudi.

Ukimaliza yote haya, umeziba panapovuja, umechagua kopo, umetazama plagi na kuandika namba zako, bado kipimo kimoja kimebaki, na ndicho ninachokiamini kuliko simu. Usiku, watu wakiwa wamelala, mpe mwenzako ufunguo aiendeshe. Wewe kakae kwenye baraza la jirani yako, funga macho, uisikilize pikipiki yako ikija, ikipita na ikienda. Mimi nilifanya hivyo kwenye baraza la mama yule, wiki moja baada ya kurudisha bati. Alitoka nje amemshika mtoto begani, akauliza kama ndiyo yangu iliyopita. Nikamwambia ndiyo. Akaitazama barabara, akamgeuza mtoto bega la pili. Mtoto alikuwa amelala.